Vikaragosi vya wanyama darasa la awali: vinaota ukungu kabla havijakauka, naombeni msaada

Mwalimu_Rungwe aliandika:

Walimu wenzangu, habari za majukumu. Wakubwa wote shikamooni.

Nafundisha darasa la awali, shule iko upande wa Mlima Rungwe, ukitoka Tukuyu mjini ni mwendo wa pikipiki kama nusu saa. Nina watoto 61. Wengi wana miaka mitano, wachache sita, na wawili nina hakika hata minne hawajafikisha, ila mama zao wanatoka alfajiri kwenda kuchuma chai na nyumbani hakuna wa kubaki nao. Nimewapokea.

Wiki tatu zilizopita niliamua tutengeneze vikaragosi vya wanyama kwa ajili ya kona ya hadithi. Nilifuata maelekezo niliyopata kwenye semina moja: unachana magazeti, unayaloweka kwenye uji wa unga, unafinyanga kichwa cha mnyama, unaanika siku mbili, unapaka rangi. Mwezeshaji alikuja na vichwa vyake tayari, simba, twiga, punda milia, vimekauka vikawa kama mbao. Na mimi nikafanya hivyo hivyo. Tulifinyanga asubuhi nzima, watoto wakapakaa uji mpaka kwenye nywele, na sikumbuki siku nyingine waliyofurahi vile.

Sasa ni Aprili. Mnaoijua Tukuyu mnajua Aprili ni nini. Kwa mwaka mvua yetu inavuka milimita 2,000, na ikinyesha juu ya bati darasani hatusikilizani kabisa. Siku ya pili vichwa vilikuwa bado laini. Siku ya nne vilianza kunuka. Siku ya sita nikakuta manyoya ya kijivu yameota kwenye pua ya simba, na mtoto mmoja akanijia mbio kwa furaha: "Mwalimu, simba wetu ameota ndevu!" Nilisubiri waende nyumbani nikavitupa vyote shimoni. Kesho yake waliviulizia mmoja mmoja, na sikuwa na la kuwaambia.

Kilichosalia ni kimoja tu, fisi niliyemshona mwenyewe kwa soksi ya kijivu ili awe mfano. Na huyo fisi ndiye aliyenifanya niandike hapa.

Kuna binti mmoja anakaa karibu na mlango. Tangu Januari hajanijibu neno. Nikiita mahudhurio anainua mkono, basi. Kiswahili anakijua, nimemsikia uwanjani akigombana na kaka yake kuhusu peremende. Ijumaa iliyopita fisi alikuwa juu ya meza yangu. Yule binti akaja mwenyewe, akamvaa mkononi, akamgeuza anitazame. Fisi akasema, kwa sauti nzito kabisa, "Uji bado?"

Nilishtuka, nikasema, "Kumbe unaongea!" Akamvua fisi, akamrudisha mezani polepole, akaenda kukaa. Hajamgusa tena.

Naomba kuuliza mawili. La kwanza: kwa hali yetu ya hewa nitumie nini badala ya magazeti? Watoto ndio hao 61, mikasi ninayo minne, kipindi ni dakika 20, na mfukoni siwezi kutoa zaidi ya elfu kumi. La pili: kwa yule binti nilikosea wapi?

---

BibiMwalimu_Kalenga alijibu:

Marahaba mwanangu, na pole na mvua. Kamwene kutoka huku Kalenga.

Nimefundisha miaka 34, na kumi na tisa ya mwisho nilikuwa na watoto wadogo, wakati huo tukiwaita vidudu. Nimestaafu, lakini sindano sijaiweka chini. Wajukuu wananituma, na shule ya jirani inanituma.

Naanza na swali lako la pili, kwa sababu lile la kwanza lina majibu mengi na hili lina moja. Aliyekuuliza habari ya uji ni fisi. Wewe ukamjibu mtoto.

Mtoto wa namna hiyo maneno anayo, umeyasikia mwenyewe kwenye peremende. Kinachombana ni macho yetu. Akimvaa fisi, macho yote yanahamia kwenye mkono, yeye huku nyuma anapata kupumua. Uliposema "kumbe unaongea" ukamtazama usoni, ulikuwa umeivuta ile khanga aliyojificha nyuma yake. Siku nyingine mtazame fisi. Mtazame kwenye vifungo vyake vya macho na umjibu yeye: "Bado kidogo bwana Fisi, mpishi anakoroga." Kisha nyamaza. Usimsifie mtoto, usiwaite wenzake waje waone, na kwa hisani yako usimwambie "haya, sasa sema bila fisi". Siku hiyo itafika yenyewe au itachelewa, na ikichelewa hakuna kilichoharibika.

Nilikuwa na mvulana ambaye kobe wake alimjibia mahudhurio muhula mzima. Naita jina, kobe anachomoza kichwa juu ya dawati: "Yupo." Mkaguzi alikuja akaniuliza huu ni mchezo gani, nikamwambia huyo ni kobe, na mtoto yupo, kama alivyosema. Mwezi wa tisa kobe alisahaulika nyumbani, nikaita jina, mtoto akajibu mwenyewe. Sikusema kitu. Nikaendelea na jina linalofuata, ila mkono wangu ulikuwa unatetemeka kwenye daftari.

Sasa tuje kwenye vitu.

Vichwa vyako vilioza kwa sababu ndani vilikuwa tonge. Karatasi iliyolowa ukiibana pamoja, nje inakauka kwanza na maji yanafungiwa ndani. Hata huku Iringa kwenye jua, tonge haliponi. Huyo mwezeshaji hakuwaambia kwamba vichwa vyake vilitengenezwa tabaka kwa tabaka: unafanya mpira wa gazeti kavu, unaufunga uzi, unabandika vipande vidogo tabaka moja, linakauka, ndipo la pili. Tabaka tatu zinatosha. Uji wake ni kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vine vya maji. Unga ukoroge kwanza na maji baridi kidogo usifanye madonge, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka, ukoroge mpaka ung'ae. Tia vijiko viwili vya chumvi, na hayo maji uwe umeyachemsha na punje chache za karafuu. Karafuu inazuia ukungu. Lakini hiyo ni kazi ya Julai na Agosti. Kwa Aprili ya Tukuyu achana nayo.

Tumia soksi. Usinunue pea. Wauza mitumba wana soksi zilizopoteza wenzake, hawana wa kumuuzia, waombe wakufungie fungu kwa bei ya pamoja. Mtoto avae soksi, kile kisigino kikae juu ya kifundo cha mkono. Vidole vinne juu, gumba chini. Sukuma ncha ya soksi iingie katikati ya gumba na vidole. Hapo umepata mdomo. Piga mshono mmoja kushoto na mmoja kulia, kwenye pembe za mdomo, usitoke tena. Hiyo kazi ya sindano ni yako, ni dakika moja kwa soksi moja, unafanya jioni.

Macho sasa. Weka alama ya chaki mkono ukiwa ndani, kisha vua ndipo ushone. Ukishona soksi ikiwa tupu, mtoto akivaa inavutika na macho yanahamia masikioni. Yasogeze karibu na pua. Ukichora mboni katikati kabisa ya kifungo mnyama anaonekana amepigwa butwaa. Ichore upande wa ndani kidogo, kuelekea puani, utaona anakutazama. Ni kitu kidogo sana lakini watoto wanakijua. Mmoja aliwahi kunirudishia sungura akisema, "Huyu hanioni."

Kama soksi hazifiki 61, tumia mifuko ya kaki. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, maduka mengi yanafungia sukari na maharage kwenye mfuko wa karatasi. Waambie watoto walete kutoka nyumbani. Ile sehemu ya chini inayokunjwa ndiyo mdomo: vidole vinaingia kwenye kunjo, vinafungua na kufunga. Masikio yachanwe kwa mkono, mikasi yako minne iache kwanza. Sikio lililochanwa lina nyuzinyuzi, linafanana na sikio la mnyama kuliko lililokatwa.

Kuhusu dakika 20: siku moja, hatua moja. Jumatatu macho, basi. Jumanne masikio. Usiwape hatua sita kwa pamoja, maana wepesi watamaliza na kuanza kupigana, wazito watalia. Na vifungo na vizibo usiwape wale wawili wako wadogo, wao wachoree macho kwa makaa.

La mwisho. Wafundishe kuteremsha gumba. Mtoto akifungua mdomo wa mnyama kwa kuinua vidole vya juu, mnyama anaongea na dari. Gumba likishuka, uso unabaki umekutazama. Na hapo hapo unapata somo lako la kusoma bila kulitangaza, kwa sababu silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu, yaani mdomo ukiwa wazi. Kila silabi gumba linashuka mara moja. Fi-si, mara mbili. Su-ngu-ra, mara tatu. Nilikuwa nawaambia mnyama anatafuna jina lake. Wanahesabu silabi kwa gumba kabla hawajaijua hata a.

---

fundi_Uyole alijibu:

Mimi si mwalimu, ni fundi cherehani hapa Uyole, nimeingia kwa sababu mada ina sindano.

Mwalimu, kila fundi ana kiroba cha vipande ambacho mwisho wake ni kuchomwa au kuwekwa kwenye mito. Nenda kwa mafundi wa Tukuyu na kiroba kitupu, uwaambie ni cha watoto, hakuna atakayekudai. Chagua kitambaa cha jezi na vipande vya masweta mazito. Jezi haichanuki nyuzi hata usipoipinda, ila kitenge na vitambaa vya sare vinachanuka, watoto watavimaliza siku mbili.

Kwa hao wadogo sana mnyama wa kidole ni rahisi kuliko wa mkono. Vipande viwili, upana wa vidole viwili vyangu, urefu kidole cha mtoto na nusu, unashona pande tatu unageuza. Kwa cherehani nashona hamsini kabla ya chai ya saa nne. Nikikushonea vifuko vitupu 61, wewe na watoto mtaweka sura. Dereva wa kosta za Tukuyu ananijua, nitampa mzigo.

---

Mzazi_Idodi alijibu:

Niko Idodi, njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Nina jambo moja ambalo sijaliona hapo juu.

Huku kwetu tembo ni jirani. Mahindi yakianza kukomaa wanaingia usiku, familia inaamka shamba hakuna. Mwanangu alipokuwa awali, darasa lao walitengeneza wanyama. Yeye akatengeneza tembo kwa mfuko wa saruji, mkonga ni mkono wa shati langu la zamani alioujaza matambara. Kila mchezo ukianza, tembo wake anakula. Anakula sungura, anakula twiga wa mwenzake, anakula dawati. Mwalimu akamnyang'anya, akasema anaharibu mchezo wa wengine. Mtoto akarudi nyumbani macho yamevimba.

Mimi nilijua yule tembo anatoka wapi. Wiki ile ile tembo walikuwa wamepita kwenye shamba la mama yake mdogo, na mwanangu alilala kule usiku huo. Alisikia mabua yakivunjika, alisikia watu wakipiga madebe.

Nilikwenda shuleni nikamweleza mwalimu, akamrudishia, nashukuru alinisikiliza. Siku iliyofuata mtoto mwingine alifunga kamba kati ya madawati mawili, akaning'iniza vipande vya kitambaa, akasema ni vya pilipili, kama tunavyofanya mashambani, matambara yaliyochovywa oili chafu na pilipili. Tembo akaja, akanusa, akapiga chafya kubwa, akageuka. Darasa zima likashangilia. Wakaurudia mchezo huo kama siku nne, tembo anakuja, ananusa, anarudi. Siku ya tano wakacheza kitu kingine.

Kwa hiyo mwalimu, kabla hujawagawia wanyama, uliza kwanza mnyama huyo hapo kwenu anajulikanaje. Hata fisi. Kuna nyumba fisi akitajwa usiku watu wanafunga milango, na sababu si meno yake.

---

Mwl_Mbozi alijibu:

Shikamoo Bibi. Leo nimejaribu hilo la gumba na darasa langu, wamelipenda mno. Tatizo tumekwama kwenye "mbwa". Nusu ya darasa gumba linashuka mara moja, nusu mara mbili, na mimi mwenyewe nikasita. Ni ngapi?

---

BibiMwalimu_Kalenga alijibu:

Marahaba. Ni mbili: m-bwa. Hapo m inabeba mkazo na inasimama yenyewe kama silabi. Na n-ge ni hivyo hivyo. Ila kwenye te-mbo, m imeungana na b, wanakwenda pamoja, kwa hiyo tembo anatafuna mara mbili tu.

Kwa kuwa m ya mbwa inatamkwa midomo ikiwa imefungwa, waambie gumba libane kwanza kwa nguvu, kisha lishuke: mmm-bwa. Wataisikia tofauti mkononi.

Na huyo mzazi wa Idodi amesema kitu ambacho mimi ilinichukua miaka kukijua. Mwalimu wa Rungwe, umsome mara mbili.

---

Mwalimu_Rungwe aliandika:

Nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Samahani kwa kimya, na asanteni, ndaga fijo.

Bibi, nilimsoma yule mzazi mara mbili kama ulivyosema. Nikagundua kwamba simba, twiga na punda milia niliowafinyangisha watoto, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona. Wanyama hao walikuwa wa kwenye semina. Kwa hiyo Jumatatu nilikaa nao kwenye mkeka nikauliza, hapa kwetu kuna nani? Wakataja ng'ombe, mbuzi, kuku, paka, ngedere wanaoharibu mahindi, na mtoto mmoja akasema kipunji. Nikamuuliza amemwona wapi. Akasema yeye hajamwona, babu yake amemwona, juu msituni.

Kwa wasiomjua: kipunji ni nyani wa milimani mwenye manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi, kishungi kilichosimama kichwani, na mkia mrefu unaoishia na ncha nyeupe. Watafiti walimwona hapa Rungwe mwaka 2003, na 2005 wakamtangaza duniani kuwa ni aina mpya. Upya huo ni wa vitabuni tu. Wazee wa huku walikuwa naye siku zote, na watafiti wenyewe walianza kumtafuta baada ya kusikia jina lake kwa wanakijiji. Dunia nzima yuko sehemu mbili: misitu yetu hii ya Rungwe mpaka Kitulo na Livingstone, na msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Walipohesabiwa mara ya kwanza walikuwa 1,100 na kidogo. Niliwaambia watoto kwamba watoto wa London hawana kipunji, wa Dar es Salaam hawana, wao wanaye. Walinyamaza kabisa.

Basi tukamtengeneza yeye. Mfuko wa kaki ndio mwili. Manyoya ni majani makavu ya mgomba, tena hilo hatukuhitaji kununua, kila nyumba ina migomba. Jani kavu ukilichana kwa kucha kufuata mshipa linatoka nyuzi ndefu za kahawia, zinalala vilevile kama manyoya. Mikasi haikuguswa. Uso tulipaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na uji kidogo, na ncha ya mkia ni pamba. Kishungi ndicho kilichotusumbua, kilikuwa kinalala, mpaka mtoto mmoja akakifunga uzi kwenye shina kama anavyofungwa yeye nywele. Kikasimama.

Kukausha: mpishi wetu wa uji ana jiko la kuni lenye dari ya mabanzi juu yake. Tulivipanga kule juu mbali na moto, mvua ikinyesha nje. Siku moja na nusu vikawa vikavu, vinanukia moshi, na mpaka leo hakuna ukungu. Nilitia chumvi na karafuu kama ulivyoelekeza, Bibi. Mpishi amevizoea sasa, asubuhi ananiambia, "Nyani wako wameamka salama."

Ki-pu-nji, gumba mara tatu. Na sauti yake wazee wanaiigiza, inaanza kama honi ya gari halafu inakatika kwa kubweka. Hebu fikirieni watoto 61 wakiitoa kwa pamoja. Mwalimu wa darasa la tatu alikuja kusimama mlangoni, nikadhani amekuja kulalamika. Akaomba tumfundishe.

Fundi, mzigo ulifika Alhamisi. Sina la kukulipa isipokuwa kusema kwamba wale wawili wadogo wanalala na wanyama wao wa kidole, mama mmoja ameniambia.

Sasa yule binti.

Nilimrudisha fisi mezani, mahali pale pale, na sikumtaja. Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Jumatano nilikuwa nasahihisha, nikaona kwa pembeni fisi amesimama ukingoni mwa meza.

"Uji bado?"

Nikamtazama fisi kwenye vifungo. "Bado kidogo bwana Fisi. Mpishi anakoroga."

Fisi akakaa kimya. Nikaendelea kusahihisha, ingawa kusema kweli sikuwa naona kilichoandikwa. Kisha akasema, "Fisi jana hakula."

"Fisi hakula jana jioni?"

"Hawakupika. Mama alichelewa kwenye chai."

Nikamwambia fisi kwamba jikoni kwetu kuna kikombe chake, kipo kila siku, na hahitaji kungoja kengele. Fisi akafikiri. Akauliza kama ni kikombe kikubwa. Nikasema kikubwa. Akarudishwa mezani, na binti akaenda kukaa, ila safari hii aligeuka mara moja kumtazama fisi kabla hajakaa.

Mambo ya nyumbani kwao sitayaandika hapa, ni yake. Nilizungumza na mwalimu mkuu na mpishi siku ile ile. Tulipoanza kuangalia vizuri, tukapata watoto saba wanaotoka nyumbani bila kitu tumboni. Sasa hao wanapita jikoni kabla ya kipindi cha kwanza, mpishi anawachotea uji wa kwanza kabla haujawa mzito. Binti anakwenda na fisi. Fisi ndiye anayebisha hodi.

Kwenye mahudhurio bado anainua mkono tu. Bibi, nimekuelewa, sina haraka.

Fundi, nakuomba jambo moja: kwenye kiroba chako kuna kipande cha jezi ya kijivu? Sikio la kushoto la fisi limeng'oka. Nilitaka kushona la bluu, fisi akaniambia hataki.